Siku moja Beijing, makaburi ya mfalme yupi? Ming, Qing Mashariki au Qing Magharibi (na Xi'an kwa aliye huko)

Ukiwa Beijing na siku moja mkononi, karibu kila dawati la hoteli litakuuzia kitu kilekile: Ukuta Mkuu pamoja na Makaburi ya Ming kwa basi la kundi. Unachukuliwa saa moja asubuhi, chakula cha mchana kimo ndani ya bei, unarudishwa kabla ya magharibi. Si safari mbaya. Ila kwa mtu anayetaka makaburi hasa, hiyo ndiyo inayompa makaburi kidogo kuliko zote: saa moja, pengine na robo, katika bonde walimozikwa wafalme 13.

Ming na Qing ndizo nasaba mbili za mwisho za wafalme wa China. Makaburi ya Ming yako wilaya ya Changping, takriban kilomita 50 kaskazini mwa katikati ya jiji. Makaburi ya Qing Mashariki yako Zunhua, mkoa wa Hebei, kama kilomita 125. Makaburi ya Qing Magharibi yako Yixian, Hebei hiyohiyo lakini upande wa kusini-magharibi, na umbali wake haupishani sana na wa Zunhua. Yote matatu yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa hiyo sifa hiyo haikusaidii kuchagua. Cha kuuliza ni kipi kimefunguliwa chini ya ardhi, na katika saa kumi za safari, ngapi utazimalizia ndani ya gari au dukani.

Kabla ya kulipa, hakikisha jina

"Ling" maana yake kaburi la mfalme, na nasaba za China zilirudia majina ya makaburi bila wasiwasi wowote. Iko Dingling ya Ming, ya mfalme Wanli, huko Changping. Iko pia Dingling ya Qing, ya mfalme Xianfeng, huko Zunhua. Kwa Kichina zinaandikwa sawasawa, 定陵. Kwa Ming na Qing pekee, Yuling ziko mbili, Jingling mbili, Tailing mbili, Xiaoling mbili. Zhaoling ndiyo balaa zaidi: iko ya Ming hapo Changping, ya Qing mjini Shenyang, na ya nasaba ya Tang karibu na Xi'an. Halafu Changling ya Ming (长陵) na Changling ya Qing Magharibi (昌陵) zinatofautiana kwa maandishi ya Kichina, lakini kwa herufi zetu ni neno lilelile.

Dereva akiandikiwa "Dingling" tu, atakwenda ile anayoijua yeye. Kwa hiyo mwombe wakala akuandikie vitu vitatu katika mstari mmoja: nasaba, jina la mfalme na wilaya. Mfano: Ming, Wanli, Changping. Kwenye ramani ya simu tanguliza herufi ya nasaba, 明 kwa Ming au 清 kwa Qing. Dakika moja ya kuandika hivyo inakuepusha na safari ya kilomita mia kuelekea kaburi ambalo hukulikusudia.

Ming: karibu, rahisi, na chaguo lililo ndani ya chaguo

Kati ya wafalme 16 wa Ming, 13 wako hapa. Aliyepachagua ni Yongle, yuleyule aliyehamishia mji mkuu Beijing, na ujenzi wa kaburi lake ulianza 1409. Msomaji wa pwani ana sababu yake ya kumkumbuka: mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikishia twiga, na watu wa ikulu wakamwita qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao. Sarafu za enzi yake zimechimbuliwa Mambrui na kisiwani Manda.

Ziara nyingi huchagua sehemu moja au mbili kati ya tatu, na hapa ndipo watu hulipia kitu wasichokitaka.

Njia ya Roho ni barabara ya mawe yenye sanamu jozi 18: wanyama 24 na watu 12. Wanyama ni wa aina sita, kila aina wanne, wawili wamesimama na wawili wamekaa au wamepiga magoti. Utawaona simba, ngamia, tembo, farasi, na wawili wa hadithi: xiezhi na huyo qilin. Ukimtazama qilin kwa karibu utaona hana shingo ya twiga hata kidogo, ana magamba. Tenga dakika 40. Jambo la kukumbuka: unaingia lango moja na kutokea jingine. Dereva asiposogeza gari hadi lango la pili, utarudi njia nzima kwa miguu, kwa hiyo mkubaliane kabla hujashuka.

Changling ni kaburi la Yongle mwenyewe. Chini hapakufunguliwa na hakuna dalili ya kufunguliwa. Thamani yake iko juu: ukumbi mkuu umesimama juu ya nguzo 60 za mti wa nanmu, zile nne za katikati zina kipenyo cha zaidi ya mita moja, na kila nguzo ni gogo moja zima. Hazikupakwa rangi, hivyo unaona mti wenyewe, wa kahawia iliyofifia, laini kama mpini wa jembe la zamani. Kwa jengo la mbao la enzi ya Ming, ni vigumu kupata bora kuliko hili.

Dingling ndiyo pekee hapa ambayo kasri lake la chini lilichimbwa na wanaakiolojia. Kazi ilianza 1956. Shabaha ya kwanza ilikuwa Changling. Dingling ilichukuliwa kama jaribio. Wachimbaji walikuta kijiwe kilichoandikwa kwamba kutoka hapo hadi ukuta wa ndani ni zhang 16 (zhang moja ni zaidi kidogo ya mita tatu), na kina ni zhang tatu na nusu. Mafundi wa zamani walikuwa wamejiachia alama, kwani kaburi lilimalizika miaka mingi kabla ya mfalme kufa na lilihitaji kufunguliwa siku ya mazishi.

Ukifika kwenye milango ya marumaru, usipite haraka. Kila ubao wa mlango ni jiwe moja zito, nene upande wa bawaba na jembamba upande wa kufungukia, ili uzito wote ulalie kwenye mhimili na watu wachache waweze kuusukuma. Nyuma yake kulikuwa na nguzo ya jiwe iliyoegemezwa. Milango ilipofungwa mara ya mwisho, nguzo iliteleza yenyewe na kukaba kwa ndani. Wachimbaji walipenyeza chuma kilichopindwa kupitia mwanya, wakaishika shingo ya nguzo, wakaisimamisha taratibu. Mwongoza watalii mzuri atakuonyesha mahali nguzo ilipokuwa ikikaa sakafuni. Asiyejua kazi yake atakuambia tu kwamba kina ni mita 27.

Sasa ukweli ambao matangazo huuruka. Majeneza mekundu utakayoyaona ni ya kuigiza. Hariri zilizotolewa ziliharibika, kwa sababu ujuzi wa kuzihifadhi haukuwepo, na mwaka 1966 Walinzi Wekundu, vijana wa Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao, waliichoma mifupa ya Wanli na malkia wake wawili. Tangu hapo serikali imekataa kuchimba makaburi ya wafalme kwa ajili ya utafiti tu. Vyumba vyenyewe ni vikubwa, vitupu na havina nakshi kutani. Viko viti vitatu vya enzi vya marumaru, na mbele yake mitungi ya kauri iliyotiwa mafuta kwa ajili ya taa ya milele, taa iliyozimika hewa ilipokwisha. Wengi hutoka wakisema, "Kumbe ni hivi tu?"

Kwa hiyo kwa Ming shauri letu ni Changling pamoja na Njia ya Roho. Ongeza Dingling kama hutaondoka na amani bila kushuka chini, na kama magoti yako yanaruhusu: ngazi ni nyingi kushuka na nyingi kupanda, bila pa kukatizia. Ziara ya kundi ikiandika "Makaburi ya Ming" bila kutaja sehemu, uliza. Mara nyingi ni moja tu, na huchaguliwa na wakala.

Qing Mashariki: kwa anayetaka kuona chini kulivyopambwa

Hapa wamezikwa wafalme watano wa Qing, wakiwemo Shunzhi, Kangxi na Qianlong, pamoja na malkia na masuria wengi. Eneo ni kubwa mno kutembea. Barabara ya roho ya Shunzhi peke yake ina kilomita tano na ushei kutoka lango la mawe hadi kaburini. Unahitaji gari la ndani au gari lako mwenyewe.

Kitu cha kukutoa Beijing alfajiri ni Yuling, kaburi la Qianlong. Ukitoka Dingling ya Ming ukaja hapa, ni kama kutoka bohari ukaingia msikiti wenye nakshi dari hadi sakafu. Milango minne ya mawe, na kila ubao wa mlango umechongwa bodhisattva mmoja (mtakatifu wa dini ya Buddha), jumla wanane. Kuta na dari zimejaa mabuddha, maua na maandiko ya dini kwa Kitibeti na Kisanskriti, yote yamechongwa ndani ya jiwe. Njoo na tochi ndogo na uimulike kwa ubavu. Mwanga wa mbele huzifuta nakshi machoni.

Kaburi la pili la lazima ni la Cixi, malkia mama aliyeishika China kwa karibu nusu karne. Tazama bamba la marumaru lililo katikati ya ngazi za ukumbi. Desturi ilikuwa joka, yaani mfalme, awe juu au sambamba na feniksi ambaye ni malkia. Kwa Cixi, feniksi yuko juu na joka yuko chini. Pembeni yake ni kaburi la Ci'an, malkia mwenzake. Yalijengwa pacha, kisha Cixi akaamuru lake libomolewe na lijengwe upya kwa anasa zaidi. Ingia yote mawili mfululizo. Tofauti inajieleza yenyewe.

Hazina usitarajie. Julai 1928 jeshi la mbabe wa vita Sun Dianying lilizifungua Yuling na kaburi la Cixi kwa baruti na kuzikomba. Unachokuja kuona ni mawe na mbao, si dhahabu.

Ubaya wake ni njia. Saa mbili hadi mbili na nusu kwenda, zilezile kurudi, na foleni ya kuingia Beijing jioni inaweza kuongeza saa nzima. Mabasi ya kundi yenye mwongozaji wa Kiingereza ni nadra, kwa hiyo hesabu gari la kukodi, dereva, na mwongoza watalii wa siku nzima. Mkiwa watu wanne bei kwa kichwa inavumilika. Peke yako itauma. Panga hivi: toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anza na Yuling saa tatu kabla makundi ya Wachina wenyewe hayajafika, kisha Cixi na Ci'an, kula, malizia na Njia ya Roho ya Shunzhi ukiwa garini na kushuka kwenye daraja na lango. Saa tisa alasiri geuza gari.

Qing Magharibi: kimya, misonobari, na hadithi ya maji

Ukishaliona lile la mashariki, hili halina la kukushangaza chini ya ardhi. Lina wafalme wanne: Yongzheng, Jiaqing, Daoguang na Guangxu. Lililofunguliwa chini ni Chongling ya Guangxu, jengo lililoanza 1909 na kukamilishwa wakati ufalme umekwisha anguka. Nalo liliporwa, mwaka 1938.

Wanaolipenda wanalipenda kwa mazingira. Misonobari ya kale imezunguka kila kaburi, na siku ya kawaida unaweza kukaa kwenye ngazi nusu saa bila kusikia kipaza sauti cha mwongozaji yeyote. Kwa wapiga picha, ndilo chaguo letu la kwanza.

Kaburi la kutokosa ni Muling, la Daoguang. Alikuwa amekwisha kujengewa kaburi upande wa mashariki. Maji yakaonekana chini, akaghadhibika, akaamuru libomolewe lote, akahamia magharibi. Ukumbi wa kaburi jipya ni wa nanmu usiopakwa rangi, na dari imejaa vichwa vya majoka vilivyochongwa vikitazama chini. Inasemwa aliwaweka majoka juu ili wayateme maji huko, wasiyapulize kaburini tena. Jengo ni dogo, na ni moja ya vyumba vizuri kuliko vyote katika makaburi haya matatu.

Guangxu alikufa tarehe 14 Novemba 1908, Cixi akafa kesho yake. Uchunguzi uliotangazwa 2008 ulithibitisha kwamba mfalme aliuawa kwa sumu ya aseniki. Leo yeye yuko magharibi ya Beijing, na Cixi yuko mashariki. Mwenye siku mbili na gari anaweza kuwatembelea wote wawili, moja kila siku. Usijaribu yote kwa siku moja, hata wakala akikubali.

Kama uko Xi'an

Hapa hesabu ni nyingine. Jeshi la udongo la Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China yote, lililogunduliwa 1974 na wakulima waliokuwa wakichimba kisima, si kaburi lenyewe. Ni mashimo yaliyo kilomita moja na nusu mashariki ya kaburi. Kaburi ni kilima chenye miti, na hakuna pa kuingilia. Unaweza kupanda basi dogo kutoka kwenye mashimo hadi bustani ya kilima, na inafaa, kwa sababu magari mawili ya shaba ya farasi wanne, yaliyotengenezwa kwa nusu ya ukubwa halisi, yanaonyeshwa upande huo. Ziara nyingi za nusu siku hazifiki huko. Uliza. Kuhusu shimo namba moja, lenye urefu wa mita 230, ingia mapema. Baada ya saa nne asubuhi utakuwa unatazama migongo ya watu.

Anayetaka kuona jinsi kaburi linavyofanya kazi, sisi tungempeleka Hanyangling, la mfalme Jing wa Han aliyekufa mwaka 141 kabla ya Kristo, njia ya kuelekea uwanja wa ndege. Unavaa vifuniko vya viatu, unatembea juu ya vioo, na mashimo yako chini ya miguu yako yakiwa na safu za nguruwe, mbuzi na watu wa udongo. Watu hao wana urefu wa theluthi moja ya mtu, uchi, bila mikono: mikono ilikuwa ya mbao na nguo za hariri, vyote vikaoza. Watalii ni wachache, na kwa kuwa uwanja wa ndege uko jirani unaweza kupitia siku ya kuondoka, kwa sharti mizigo ibaki garini na dereva unayemwamini.

Qianling, kaburi la mfalme Gaozong wa Tang na mkewe Wu Zetian, aliyekuja kutawala mwenyewe, liko mbali zaidi na linataka siku yake. Kwenye barabara yake ya roho kuna ndege mbuni wa kuchongwa, na sanamu 61 za wajumbe wa kigeni, karibu zote zikiwa hazina vichwa.

Basi la kundi au gari lako

Ziara ya kundi ya bei ya kutupa inalipwa na maduka: jade, hariri, chai. Kila kituo ni dakika 40 hadi saa, na hukatwa kwenye muda wa makaburi, kwa sababu muda wa Ukuta Mkuu hakuna anayethubutu kuugusa. Sheria ya utalii ya China ya 2013 inakataza kumlazimisha mtalii kuingia madukani. Omba maneno "bila maduka" yaandikwe kwenye risiti au ujumbe wa simu, si kwa mdomo. Ukikuta umepelekwa, huna wajibu wa kununua. Kaa kwenye kiti chao, kunywa chai yao, subiri.

Wapiga debe wa vituoni ni hatari zaidi kuliko maduka. Nje ya kituo cha treni cha Xi'an na kwenye vituo vya mabasi vya Beijing, mtu mwenye kitambulisho shingoni atakuambia basi la kawaida limefutwa leo. Mpite.

Kwa Ming unaweza pia kwenda mwenyewe. Treni ya chini ya ardhi, njia ya Changping, inafika eneo hilo, na basi 872 kutoka Deshengmen linapita. Kisha tafuta mwongozaji mlangoni kwa saa mbili tu. Kiswahili kinafundishwa katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing, na wahitimu wake wapo. Lakini mkalimani si mwongoza watalii mwenye leseni, hivyo mchukue kwa ajili ya lugha na usimtegemee kwa historia.

Yanayoharibu siku

Pasipoti yenyewe, si nakala. Tiketi nyingi hutolewa kwa jina na namba ya pasipoti, na jina lililoandikwa kinyume linaweza kukuzuia mlangoni. Andika kama lilivyo kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha.

Tarehe. Epuka wiki ya kwanza ya Oktoba, siku za Mei Mosi, na Qingming mwanzoni mwa Aprili, ambapo Wachina huzuru makaburi ya wazee wao na barabara za nje ya jiji hufungana.

Simu. WhatsApp na Google hazifunguki kwa laini ya China. Laini ya nje yenye romingi kwa kawaida hufungua. Weka Alipay au WeChat, programu za kulipia kwa simu, kabla ya safari na uunganishe kadi yako, maana muuza maji wa Zunhua hana chenji.

Chakula. Mlo wa ziara za kundi huwa na nguruwe, wakati mwingine ndani ya mboga. Asiyekula amwambie wakala neno "qingzhen" (yaani halali) siku moja kabla, na mlangoni mwa mkahawa atafute maandishi 清真. Xi'an ni rahisi kwa hili. Zunhua na Yixian beba chakula chako.

Baridi. Kasri za chini ni baridi na zina unyevu hata Julai, na sakafu ya marumaru huteleza. Sweta jepesi kwenye mkoba, na viatu vyenye soli ya mpira.